Hita ya maji ya sola nyumbani Mombasa: kuchagua, kufunga na kuitunza idumu

Jua la kupasha maji Mombasa tunalo la kutosha na kusaza. Hita za sola zikifa mapema mjini hapa, sababu huwa nyingine: maji ya chumvi, tangi lililokauka mchana wa jua kali, au mtambo mkubwa kupita haja ya nyumba. Yote matatu yanazuilika kabla hujatoa hata shilingi, ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye maji yako na si dukani.

Kuna watakaouliza maji moto ya nini kwenye joto hili. Aliyeamka alfajiri ya Julai kutia udhu huku kusi inavuma hahitaji kuelezwa. Nyumba yenye mzazi aliyejifungua na bado yuko kwenye arobaini, anayekandwa na kuogeshwa maji moto kila siku, inajua. Wazee wenye maumivu ya viungo wanajua, na aliyeachiwa sufuria la biriani lenye samli iliyoganda anajua zaidi. Wanaokodisha vyumba kwa wageni Nyali, Bamburi na Shanzu huulizwa habari ya maji moto kabla ya kuulizwa bei.

Inavyofanya kazi

Usiichanganye na paneli za sola za stima. Hii haizalishi umeme. Inachukua joto la jua na kulitia kwenye maji moja kwa moja. Ina sehemu mbili: kipokezi kinachokaa juani, na tangi lililofunikwa kwa tabaka nene la povu gumu ili joto lisitoke. Kwa hita nyingi za nyumbani hakuna pampu. Maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda tangini, na ya baridi, yaliyo mazito, hushuka kwenye kipokezi kuchukua nafasi yao. Ndiyo maana tangi huwekwa juu na kipokezi chini yake. Mzunguko huo hujiendesha wenyewe mchana kutwa, na tangi zuri hukuwekea maji yakiwa bado moto hadi asubuhi.

Vipokezi viko vya aina mbili. Bamba ni sanduku bapa lenye kioo juu, na ndani yake bati jeusi la shaba au alumini lililoshikana na paipu nyembamba zinazopitisha maji. Aina ya pili ni mirija ya kioo. Kila mrija una kuta mbili za kioo, na katikati yake hewa imenyonywa yote, kama ilivyo chupa ya chai. Muombe muuzaji auanike mrija mmoja juani kwa dakika chache kisha uushike: nje utakuta hauna joto la maana, lakini ndani huwezi kuacha kidole. Halafu utazame ncha yake ya chini. Inatakiwa iwe na rangi ya fedha inayong'aa. Ikiwa imegeuka nyeupe, hewa imeingia, na mrija huo umekufa hata kama kioo hakina ufa. Kagua mmoja mmoja kabla ya kulipa.

Hatua ya kwanza: jua maji yako

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wauzaji wanapopita haraka. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho ukingoni mwa mto Sabaki, Marere kwenye Milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi mji, hivyo huja kwa zamu. Yakikatika tunajaza tangi kwa maji ya kisima, ya lori au ya mitungi ya mkokoteni. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, kwa hiyo maji yake mara nyingi huwa na chokaa na chumvi pamoja.

Hivyo viwili vinaharibu kwa njia tofauti. Chokaa hujitenga maji yanapopata moto na kuganda kwenye kuta. Fungua hita iliyokunywa maji ya kisima kwa muda mrefu na utakuta ukoko mweupe mgumu umeziba paipu nyembamba za bamba mpaka tundu limebaki la kupitisha msumari. Chumvi nayo hula chuma, na kadiri maji yanavyokuwa moto ndivyo inavyokula haraka. Hata chuma kisichoshika kutu cha namba 304, ambacho matangi mengi yametengenezwa kwacho, hutobolewa vitundu vidogo na maji moto ya chumvi. Namba 316 huvumilia zaidi. Tangi la chuma lililopakwa enameli ndani nalo hustahimili, mradi fimbo ya magnesiamu inayowekwa humo iliwe badala ya tangi na ibadilishwe ikiisha.

Kujua maji yako hakuhitaji maabara. Osha mikono kwa sabuni ya kipande; ikikataa kutoa povu, chokaa ni nyingi. Tazama ndani ya birika unalochemshia chai. Onja. Halafu jiulize swali lililo muhimu zaidi: je, nyumba hii hupata maji matamu mwaka mzima, au kuna wiki ambazo tangi hujazwa chochote kilichopatikana? Kama ni hilo la pili, ihesabu nyumba yako kuwa ya maji ya chumvi, hata kama leo mfereji unatoa maji matamu.

Ushauri wangu kwa nyumba za namna hiyo, nao nausisitiza: tenga tangi dogo la lita 250 au 500 lililo la hita peke yake, lijazwe maji matamu tu. Ya kisima yaende kwenye tangi la choo na kufulia. Gharama ya tangi la plastiki na paipu zake ni ndogo mno ukiilinganisha na hita mpya. Tangi hilo pia linakulinda na hatari ya kukauka, ambayo nitaieleza chini. Na kabla ya kununua, soma karatasi ya waranti mpaka mwisho. Nyingi zina sentensi inayosema maji ya chumvi yakiharibu mtambo, waranti haifanyi kazi.

Hatua ya pili: piga hesabu ya lita

Mtu huoga kwa maji ya nyuzi 40 hivi. Maji ya tangi la Mombasa yako karibu nyuzi 27, kwa hiyo unachohitaji ni kuyaongeza nyuzi 13 tu. Maji ya hita yakiwa nyuzi 55 ukayachanganya na ya baridi, ndoo ya lita 20 inahitaji kama lita 9 za moto, na shawa ya lita 40 inahitaji lita 19. Nyumba ya watu watano wote wakiwa waogaji wa shawa ni lita 95 za maji moto. Ongeza 20 za vyombo, jumla 115. Hita ya lita 150 inawatosha na kubaki. Wakioga kwa ndoo, ya lita 100 ni tele.

Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, maji ya mfereji huwa baridi zaidi na mtu huhitaji moto mwingi kufika nyuzi zile zile 40. Vipimo vingi vya madukani vinafuata mahitaji ya huko. Ukiambiwa familia yako ya watu wanne inataka lita 300, onyesha hesabu hii. Mtambo uliozidi haja haukupi raha zaidi. Hukaa na maji yanayochemka ambayo hakuna wa kuyatumia, ukoko huongezeka, mipira ya kuzuia kuvuja hukauka, na wewe umelipa mara mbili.

Kuhusu ukubwa wa kipokezi: kupasha lita 150 kutoka nyuzi 27 hadi 55 kunataka karibu yuniti (kilowati-saa) 4.9 za nishati. Jua la Mombasa kwa wastani humwaga yuniti 5 hadi 6 kwa siku kwenye kila mita mraba, na kipokezi hushika kama nusu yake. Bamba la mita mraba 2 linatosha.

Hatua ya tatu: bamba au mirija

Kwa Mombasa mimi nachagua bamba. Mirija ilishika sifa kwa sababu haipotezi joto, na hiyo ni faida kubwa mahali penye baridi. Hapa hewa yenyewe ina nyuzi 30 miezi ya kaskazi, joto halina pa kukimbilia. Bamba likizidi moto huanza kulipoteza lenyewe, na hivyo hujizuia. Mirija huendelea kupasha mpaka maji yanakaribia kuchemka.

Hatari kubwa ya mirija ni ukame wa tangi. Mrija mtupu juani hupita nyuzi 200 ndani yake. Maji ya zamu yakirudi saa nane mchana na kuingia humo ghafla, kioo hupasuka, na kinaweza kupasuka zaidi ya kimoja. Mirija ina bei nafuu, na ukivunjika mmoja hubadilishwa huo peke yake, kwa hiyo siikatai kwa nyumba yenye maji ya uhakika. Chukua mtambo wa kiasi, karibu mrija mmoja kwa kila lita 10 za tangi.

Minazi nayo usiisahau. Nazi moja ikianguka kwenye mirija inatosha kumaliza kazi. Usifunge chini ya mnazi, hata kama mwenye shamba anakuhakikishia kwamba huanguliwa kila mara.

Hatua ya nne: paa na mwelekeo

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana huwa upande wetu wa kaskazini, na hicho ndicho kipindi cha masika na kipupwe, wakati maji moto yanapotakiwa zaidi. Kwa hiyo kipokezi kitazame kaskazini. Hauhitaji dira: Makkah iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, hivyo msikiti wowote wa mtaani unakuonyesha. Kielekeze kibla.

Mlalo uwe mdogo, nyuzi 10 hadi 15. Kwa kila mita moja ya urefu, inua upande wa kusini sentimita 17 hadi 26. Usilaze kabisa, maana maji moto yanahitaji mwinuko ili yapande, na mvua inahitaji mteremko ili ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru. Fremu zinazokuja na mirija mara nyingi zimekatwa kwa nchi za mbali na ikweta, zimesimama mno. Mwambie fundi wa kuchomelea akupunguzie miguu ya nyuma. Ikiwa paa lako halina upande wa kaskazini, mashariki au magharibi kwenye mteremko mdogo hakukupotezei pakubwa.

Hita ya lita 150 ikijaa hupita kilo 200. Juu ya slabu hakuna shida. Juu ya mabati, miguu ishikwe kwenye mbao za kenchi, kamwe si kwenye bati peke yake. Paa la makuti halibebi mzigo huo. Weka kwenye mnara wa tangi au kibanda cha pembeni. Upepo wa bahari una chumvi, kwa hiyo bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu na fremu iwe ya alumini. Ukiishi Mji wa Kale, ambao ni eneo la hifadhi tangu 1990, omba ruhusa kabla ya kupandisha chochote kinachoonekana kutoka njiani.

Hatua ya tano: paipu na fundi

Mkubaliane na fundi mambo haya kabla hajaanza.

Tangi la maji baridi likae juu kuliko tangi la hita, angalau nusu mita, ili maji yashuke kwa uzito wake. Nyumba nyingi zina tangi kwenye slabu ileile, halafu hita inapandishwa juu ya fremu na kulipita. Maji hayafiki, na lawama huangukia jua.

Paipu ya maji moto iwe ya plastiki ya PPR ya daraja la maji moto, au shaba. PVC ya kawaida hulainika. Paipu ivikwe sponji, na sponji ifunikwe isipigwe na jua, la sivyo itachakaa na kumeguka. Njia iwe fupi iwezekanavyo: paipu yenye tundu la milimita 15 hubeba lita moja kila mita sita, na maji yote yaliyopoa humo humwagika kabla ya moto kufika. Katika mji wa maji ya zamu, kinga kwa ndoo.

Pawe na valvu ya kuzuia maji moto kurudi kwenye tangi la baridi, na njia ya kutolea pumzi au valvu ya presha kulingana na aina ya mtambo. Njia hiyo isizibwe kwa sababu yoyote. Nakusihi pia uongeze valvu ya kuchanganya inayopunguza maji yanayokwenda bafuni hadi nyuzi 45 au 50. Miezi ya Januari na Februari tangi linaweza kupita nyuzi 80, na maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Ngozi ya mtoto haingoji hata hizo. Nyumba isiyo na valvu hiyo iweke kanuni: maji ya baridi kwanza ndooni, ya moto baadaye.

Elementi ya stima ya akiba iwe na swichi yake na taima. Bila taima itakuwa ikipasha usiku kucha maji ambayo jua lingeyapasha bure asubuhi.

Anayejenga nyumba ya kupangisha ajue kwamba kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu kupasha maji kwa jua zililenga majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Aulize EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, na ofisi ya ujenzi ya kaunti ni masharti gani yanatumika sasa, kabla ramani haijapitishwa.

Siku ya kufunga, funika kipokezi kwa turubai mpaka tangi lijae, au jaza asubuhi na mapema kabla ya jua kupanda. Fungua mfereji wa moto wakati wa kujaza ili hewa itoke. Kagua maungio yote maji yakiwa baridi, kisha yakague tena kesho yake yakiwa moto, kwa sababu pengine huvuja wakati mmoja na si mwingine.

Faida yake kwa shilingi

Chukua watu watano, kila mmoja akioga dakika saba kwa shawa ya stima ya kilowati 5. Hiyo ni karibu yuniti 3 kwa siku, 87.5 kwa mwezi. Tuseme yuniti ni shilingi 25: ni kama shilingi 2,190 kila mwezi. Weka bei iliyo kwenye meseji yako ya mwisho ya tokeni, gawanya gharama yote ya hita pamoja na fundi kwa jibu lako, na utapata miezi ya kurudisha pesa. Ondoa kidogo kwa siku za mawingu za Aprili na Mei. Anayeoga maji moto Julai na Agosti tu ahesabu miezi hiyo peke yake, na pengine ataona haimlipi. Huyo si lazima anunue.

Kuna faida ambazo tokeni hazionyeshi. Stima ikipotea Maghribi, maji moto yapo. Mama hanunui makaa ya kuchemshia maji ya mzazi siku arobaini. Na shawa za stima kwenye maji ya chumvi, katika nyumba ambazo waya wa ardhi haukuwekwa sawasawa, huwapiga watu shoti. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko matamu. Maji yaliyopashwa na jua hayana stima ndani yake.

Mpangaji asiye na paa lake anaweza kupata nafuu bila mtambo. Mtungi wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupikia, uliopakwa rangi nyeusi na kulazwa kwenye zege au bati lenye jua tangu asubuhi, hutoa maji vuguvugu ya kuogea alasiri. Ukiufunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, upepo haubebi joto lake.

Matunzo

Osha kioo kwa maji matamu asubuhi kikiwa baridi, hasa baada ya wiki kavu za kaskazi. Fungua koki ya chini ya tangi mara moja kila miezi mitatu utoe tope na vipande vya chokaa. Fimbo ya magnesiamu ikaguliwe kila mwaka. Kwa maji yenye chumvi, kila miezi sita. Ikiwa imebaki waya mtupu, badilisha siku hiyo hiyo, maana kuanzia hapo kinacholiwa ni tangi. Tazama pia sponji za paipu, ambazo kunguru hupenda kuzichokora.

Masika yakileta siku kadhaa za mawingu mfululizo, washa elementi mpaka maji yafike nyuzi 60 angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu maji yanayokaa vuguvugu muda mrefu huota vijidudu. Maji ya hita ni ya kuoga na kuosha. Ya kunywa na kupikia yatoke kwenye mfereji wa baridi.

Mkikosa maji kabisa, au mkisafiri kwa wiki kadhaa, funika kipokezi kwa turubai lisilopitisha mwanga na ulifunge imara dhidi ya upepo. Ikiwa hita imekauka na jua limeshaipiga, funga koki ya kuingiza maji na usiifungue mpaka usiku uwe umeingia na kioo kimepoa, hata kama maji ya zamu yamerudi mchana na nyumba nzima inayangoja.